Chujio la sponji mbili na pampu ya hewa: linafaa sana Mwanza, ila si kama linavyotoka kwenye boksi

Anayetafuta chujio la tangi la samaki hapa Mwanza kwa kawaida huoneshwa vitu viwili. Cha kwanza ni chujio la umeme la kuzamisha, lenye mota ndani yake, linalobanwa kwenye kioo kwa vikombe vya mpira. Cha pili ni sponji mbili nyeusi zilizochomekwa kwenye plastiki yenye umbo la T, pamoja na pampu ndogo ya hewa isiyozidi kipande cha sabuni ya mche. Hiki cha pili ni cha bei ndogo, hakina sura, na mara nyingi huuzwa kama kitu cha kuanzia tu. Hapo mnunuzi anapotezwa. Kwa nyumba yenye maji ya bomba yanayotoka ziwani na umeme unaoweza kukatika usiku wa manane, chujio la sponji ndilo la kununua kwanza. Lile la mota liwe nyongeza, kama pesa ipo. Kasoro kubwa ya seti hii haiko kwenye sponji, iko kwenye vitu ambavyo havimo ndani ya boksi.

Kipimo chetu ni tangi la kawaida la sentimita 60 kwa 30 kwa 35. Kwa hesabu hilo ni lita 63, lakini ukitoa changarawe, mawe na nafasi ya juu, maji halisi ni kama lita 50. Shika namba hiyo ya 50, maana dawa, soda ya kuoka na idadi ya samaki hupimwa kwayo na si kwa namba iliyoandikwa kwenye kioo.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Hewa ya pampu hushuka kwa kimpira hadi kwenye kitako, kisha hupanda ndani ya bomba la katikati kama mapovu na kuinua maji. Maji yanayopanda huvuta mengine kupitia kwenye sponji, na uchafu hunasa kwa nje. Ila kunasa uchafu ni kazi ndogo. Ndani ya vitundu vya sponji huota bakteria wanaokula amonia inayotoka kwenye matamvua na kinyesi cha samaki. Kundi moja huigeuza amonia kuwa naitraiti, kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti. Hizo mbili za kwanza huua hata kwa kiasi kidogo sana. Naitreti huvumilika hadi kama miligramu 40 kwa lita, nayo hutolewa kwa kubadilisha maji. Maji yanaweza kung'aa kama ya chupa na bado samaki wakafa, kwa sababu amonia haina rangi.

Jambo moja ambalo karatasi ya maelekezo hailigusi ni mwinuko. Mwanza iko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kwa nyuzi 27, maji ya pwani yaliyoshiba hewa hubeba karibu miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Huku kwetu ni karibu 7. Tofauti hiyo ni kubwa kwa tangi lililojaa samaki, hasa alfajiri. Ndiyo maana chujio linalotikisa uso wa maji usiku na mchana lina thamani ya ziada hapa. Mapovu yenyewe huongeza oksijeni kidogo tu. Kinachoongeza hasa ni uso wa maji unaochezacheza na kupishana na hewa. Kwa hiyo mdomo wa bomba la kupandishia uwe usawa wa maji au chini yake kidogo. Ukiukata mfupi ukabaki katikati ya tangi, umepoteza nusu ya faida, na chujio lenyewe litavuta maji kwa unyonge.

Sasa umeme. Pampu ya wati 3 ikiwaka saa 24 kwa siku 30 inakula uniti 2 na kidogo za Luku. Chujio la mota la wati 8 linakula karibu 6. Tofauti si ya kumfilisi mtu, lakini mambo hubadilika umeme unapokatika. Chujio la aina ya kopo, lililofungwa pande zote, hubaki na maji yaliyosimama ndani. Bakteria humaliza oksijeni ile katika saa chache, huanza kufa, na umeme ukirudi uchafu wote humwagwa tangini. Sponji iko wazi katikati ya maji ya tangi na oksijeni huifikia kutoka pande zote, hivyo bakteria wake hustahimili kukatika kwa muda mrefu zaidi. Wanaotangulia kuumia ni samaki. Umeme ukikatika usilishe. Ukiona wamekusanyika juu wakipumua kwa kasi, chota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka kimo cha sentimita 20, mara ishirini au thelathini, kisha rudia baada ya nusu saa.

Suluhisho bora ni pampu ya pili ndogo inayotumia waya wa chaja ya simu. Hizi hula wati 1 hadi 2. Pawabanki ya mAh 10,000 ikiwa nzima huiendesha ya wati 1 kwa karibu saa 20. Lakini ijaribu mchana kabla hujaitegemea usiku: baadhi ya pawabanki huhisi mzigo ni mdogo mno, zikadhani simu imejaa, zikajizima zenyewe baada ya nusu dakika. Iache iendeshe pampu saa mbili huku ukiitazama. Ikizima, tafuta nyingine.

Tuje kwenye kitu kinachoipunguzia seti hii nyota. Seti nyingi za bei ya chini hazina valvu ya kuzuia maji kurudi. Ni kidude cha plastiki chenye urefu wa kifundo cha kidole, kina mshale ubavuni na kipande cha mpira laini ndani. Bila hicho, haya ndiyo hutokea: pampu imewekwa kwenye stuli chini ya tangi, umeme unakatika, msukumo wa hewa unakoma, maji yanapanda ndani ya kimpira, yanavuka ukingo wa kioo, yanaanza kushuka upande wa nje. Yakishavuka hayahitaji umeme tena. Yanavutwa na uzito wake mpaka ndani ya pampu, kisha kwenye ekstensheni, kisha sakafuni. Na kwa kuwa ncha ya kimpira iko kwenye kitako cha chujio, karibu na sakafu ya tangi, hakuna cha kuyasimamisha njiani. Umeme ukirudi, pampu iliyoloa imeunganishwa kwenye soketi.

Valvu hufungwa nje ya tangi, kiasi cha sentimita 10 kutoka ukingoni, mshale ukielekea tangini. Ukiigeuza, hakuna povu hata moja litakalotoka, na watu wengi wamerudisha pampu dukani wakidai ni mbovu kumbe mshale umeangalia nyuma. Ipulize kwa mdomo kabla ya kuifunga: hewa ipite upande mmoja tu. Kisha washa, chomoa, tazama kimpira. Maji yakipanda yakasimama kwenye valvu, iko sawa, yakipita, tupa. Mpira wa ndani hukakamaa kwa muda, kwa hiyo badilisha kila mwaka. Na hata ukiwa na valvu, ining'inize pampu juu ya usawa wa maji ikiwezekana, kwenye msumari ukutani, na waya wa umeme uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili tone likiteleza lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Kitu cha pili kinachokosekana ni kibomba cha kupunguzia hewa. Hewa nyingi si maji mengi. Mapovu yakijaa bombani yakawa mfululizo, maji hukosa nafasi ya kupanda, na kelele huongezeka. Mapovu mazuri ni yanayopanda kwa kupishana, na maji yanasukumwa kati yake. Lakini usiibane pampu yenye tundu moja kwa kukunja kimpira. Kiwambo chake cha ndani, yaani mpira unaosukuma hewa, kitapasuka mapema. Weka kiungo cha T, upande mmoja uende kwenye chujio, mwingine utoe hewa ya ziada nje. Jiwe dogo la hewa likiingizwa ndani ya bomba la kupandishia hutoa mapovu madogo na kupunguza ule mgugumio unaoudhi sebuleni. Likianza kuziba, lilowekwe kwenye siki usiku mmoja na kusuuzwa.

Kimpira cha kawaida ni cha milimita 4 kwa ndani. Chagua cha silikoni, kile laini kinachokunjika bila kuvunjika. Cha plastiki ngumu hukakamaa, kikachomoka chenyewe kwenye pampu.

Sponji yenyewe, kwa bei yake, ni nzuri. Vitundu vinaonekana kwa macho, na ukiiminya inarudi umbo lake. Ukiona vitundu vidogo mno visivyopitisha mwanga, iache, itaziba ndani ya wiki moja. Mafundi wengine hushauri kukata sponji ya godoro iliyochakaa. Hatukubaliani nao. Godoro nyingi zina ngozi nyembamba kati ya kitundu na kitundu. Weka mdomo upulize, hewa isipopita, maji hayatapita. Ya kuoshea vyombo nayo huweza kuwa na dawa ya kuua bakteria, yaani inaua kile unachotaka kukifuga.

Kufunga: sponji mpya huelea kwa sababu imejaa hewa. Iminye mara kadhaa ndani ya ndoo ya maji safi bila sabuni, iache ilale humo usiku mzima. Iweke kona ya nyuma, mbali na pale unapolishia, usiizike kwenye changarawe. Mawe ya Mwanza ni mazuri kwa kuifichia. Miamba yetu ni ya granite, haiyeyushi chokaa ndani ya maji. Kama huna uhakika na jiwe, lidondoshee siki: likitoa povu lina chokaa. Liondoe ubavuni kila ncha inayoweza kumchana samaki, na lisimame kwenye kioo kabla hujamwaga changarawe, ili samaki akichimba lisianguke.

Maji ya bomba jijini huchotwa ziwani, yanasafishwa kwenye mitambo kama ya Capri Point na Butimba, kisha yanatiwa klorini. Klorini hiyo inawalinda watu, ila inachoma matamvua na kuua bakteria wa sponji. Yaache kwenye ndoo iliyo wazi saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo cha chupa. Kuna wanaokwepa kazi hiyo kwa kuchota moja kwa moja ufukweni. Hapo wanabeba chawa wa samaki, minyoo na mwani wa sumu wakati ziwa likiwa kijani, na mwenye kuchota anasimama kwenye maji ya konokono wa kichocho. Ndoo moja ya bomba iliyolala usiku ni salama kwa pande zote mbili.

Baada ya kuwasha, chujio bado ni tupu. Bakteria huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea. Siku za mwanzo maji yanaweza kuwa meupe kama yaliyooshea mchele. Usiyamwage yote, usioshe sponji, yatajisafisha. Njia ya haraka ni kuomba kwa mtu mwenye tangi lisilo na ugonjwa akuminyie sponji yake chafu ndani ya maji yako. Vinginevyo anza na samaki wanne wadogo, lisha kidogo mara moja kila siku mbili, badilisha robo ya maji kila baada ya siku moja. Vijiti vya kupimia vikipatikana, subiri amonia na naitraiti zisome sifuri huku naitreti ikionekana. Hapo ongeza samaki wawili wawili. Kwa lita 50 halisi, gapi (samaki wadogo wa mapambo) kumi wanatosha, majike wawili au watatu kwa kila dume. Samaki wa dhahabu wasiingie humo hata mmoja. Anauzwa akiwa mdogo kama kidole, lakini hukua kupita sentimita 15, na kinyesi chake kinalishinda chujio hili. Hita haihitajiki kwa gapi katika nyumba ya kawaida ya Mwanza. Pesa hiyo nunulia valvu na pawabanki.

Usafi ndipo chujio hili hupendwa au huuawa. Kosa la kawaida ni kuipeleka sponji bombani na kuiosha mpaka itoe maji meupe. Klorini inaua bakteria, na siku ya tatu samaki wanaanza kupumulia juu. Fanya hivi: toa maji ya tangi lita 12 hivi kwenye ndoo ambayo haijawahi kuguswa na sabuni. Izingire sponji moja kwa mfuko wa plastiki ukiwa bado ndani ya tangi, ili tope lisitawanyike, ichomoe, iminye ndani ya ndoo ile mara nne au tano. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Inatosha, sponji ibaki kahawia. Nyingine usiiguse mpaka baada ya wiki mbili. Hii ndiyo sababu ya kununua ya sponji mbili badala ya moja: daima upande mmoja una bakteria wote. Maji ya ndoo yamwagie mchicha, yana mbolea.

Kwenye maji ya Mwanza kuna mtego ambao hata wafugaji wazoefu hawaushtukii. Maji ya Ziwa Victoria ni laini, yana akiba ndogo ya alkalini, yaani kile kinachozuia maji yasiwe machachu. Bakteria wakifanya kazi huitumia akiba hiyo: kila miligramu 1 ya naitrojeni ya amonia hula karibu miligramu 7 za alkalini. Tangi lisilobadilishwa maji miezi miwili hufika mahali akiba inakwisha, pH (kipimo cha uchachu wa maji) inashuka chini ya 6.5, bakteria wanazubaa, amonia inaanza kupanda. Mwenye tangi anadhani chujio limeharibika, ananunua jingine, tatizo linabaki palepale. Dawa ni kubadilisha robo ya maji kila wiki. Ukikuta pH imeshashuka, nusu kijiko cha chai cha soda ya kuoka, iliyoyeyushwa kwenye kikombe, hupandisha ugumu wa kaboneti, yaani akiba hiyo, kwa karibu digrii moja na nusu kwa lita 50. Imimine kidogo kidogo ndani ya saa kadhaa, na kama amonia inasomeka badilisha maji kwanza, kwa sababu pH ikipanda ghafla amonia huwa sumu kali zaidi.

Mapungufu yake yasifichwe. Halisafishi vumbi dogo linaloelea, kwa hiyo maji hayatakuwa na mng'aro wa chujio la mota. Linachukua nafasi. Mapovu hurusha matone yanayoacha madoa meupe kwenye kifuniko. Pampu za bei ya chini hutetemeka. Ukiiweka juu ya kabati la mbao hulia kama nyuki kopoani, ila ukiining'iniza kwa kamba au kuiweka juu ya kipande cha kandambili kelele hupungua sana.

Kwa anayetaka furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, hapa seti inahitaji kuongezwa. Wale wa majabalini, ambao wavuvi wa huku huwaita mbipi, wanavutia mno, na maarufu zaidi duniani ni *Pundamilia nyererei*, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1985 na kupewa jina la Mwalimu Nyerere. Dume ana wekundu mgongoni na njano ubavuni, na ni mkorofi. Lita 60 hazimfai. Anataka tangi la lita 200 na kuendelea, dume mmoja na majike wanne au zaidi, mapango ya mawe, na machujio mawili makubwa ya sponji, moja kila upande. Usimchanganye na furu wa aina nyingine, majike hufanana na watazaana wakaharibu mbegu. Faida ya sponji huonekana jike anapobeba mayai mdomoni kwa takriban wiki tatu kisha kuachia vifaranga: chujio la mota huwavuta na kuwasaga, kwenye sponji wao hudonoa vijidudu vilivyoota juu yake, chakula chao cha kwanza.

Kwa yote hayo, chujio lenyewe tunalipa nyota nne na nusu kati ya tano kwa tangi la lita 60 la gapi, na seti kama inavyofungwa kiwandani nyota tatu. Unapolinunua, mwombe muuzaji aichomeke pampu palepale. Ziba tundu la hewa kwa kidole: usikie inasukuma kwa nguvu na sauti ibadilike. Kisha fungua kitako chake uone kama kiwambo cha mpira hutoka kwa mkono. Kikitoka, uliza kama anauza vya akiba, na kama anavyo, chukua viwili siku hiyohiyo, kwa kuwa ndicho kitu cha kwanza kuchoka.